Vitenzi Vyenye Mkia

Mtu akianza kukufundisha majina ya visu vyote, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza kama hamjasimama machinjioni. Mimi sikuuliza. Siku kaka yangu alipotuletea mwalimu wa Kiingereza pale karakana, nilipiga makofi kuliko wote, nikawaambia mafundi wenzangu kwamba kumbe kaka ana moyo, tulikuwa tunamsengenya bure.

Karakana yetu ni ya kushona sare. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja, meza ya kukatia katikati, na cherehani mistari miwili zikitazama mwanga. Wanafunzi, manesi, walinzi wa mageti, wote wanapita kwetu. Mimi ndiye mkataji. Kitambaa hakifiki kwa fundi yeyote bila kupita kwenye mkasi wangu, na siku nikiamka vibaya, kuna nesi mahali atainama na kusikia kitu kimepasuka. Ninajisifu, ndiyo. Mwenye kazi yake asipojisifu atasifiwa na nani, wakati wateja wenyewe wakija ni kulalamika tu?

Aliyeianzisha ni mama yetu. Alikuwa na watoto wawili, akatugawa mapema kama mtu anayegawa viazi: kaka akamwambia wewe kalamu, mimi akaniambia wewe mkasi. Tangu hapo kaka hakuruhusiwa kugusa hata sindano. Akitoka shule akapita karakana kututazama, mama alimfukuza akasome, na mimi nikabaki chini ya meza nikicheza na vipande. Basi akasoma kweli. Akavaa tai, akapotelea maofisini. Mama alipokuwa anatuaga, alitushika mikono wote wawili akasema chumba na kibao cha nje ni vya kaka yako, kazi ni yako. Tukaitikia ndiyo mama. Nani angekuwa na uso wa kumuuliza mgonjwa chumba kinaishia wapi na kazi inaanzia wapi?

Msiba ulipopoa, kaka aliacha ofisi yake akaja kutuongoza. Alianza kwa kuzungushia kona moja mbao, akaweka mlango, na juu ya mlango neno Mkurugenzi. Kisha akanunua kiti cha ngozi cha kuzunguka. Kisha akawa anazunguka. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoyaona kwa miezi ya mwanzo, na sitaki mtu aseme namwonea, maana ule mlio wa kiti tulikuwa tunausikia hadi kwenye meza ya pasi.

Sasa kuna jambo moja la karakana yetu ambalo kaka hakulijua, na bila hilo haya mengine hayaeleweki. Cherehani si zetu. Mama hakuwahi kumnunulia fundi cherehani maisha yake yote. Ukija kuomba kazi kwake, swali lilikuwa moja: una cherehani? Huna, nenda katafute. Unayo, ilete, utapewa mahali pa kukaa, uzi, mwanga na wateja. Alikuwa anasema anayekuja na cherehani yake amekuja kukaa, na anayekuja mikono mitupu amekuja kuchungulia. Kwa hiyo kila mashine mle ndani ina mwenyewe, na mwenyewe anajua hata kikohozi chake. Moja tu ilikuwa ya mama, ile nyeusi ya dirishani iliyofutika maua. Kaka aliziona zote tangu utoto zimepangwa ndani ya chumba cha mama, akahesabu kichwani kwamba ni za mama. Sisi hatukumwambia. Hakuuliza.

Turudi kwa mwalimu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, koti limempungua mikono na halina kifungo cha kati. Mafundi tulishindwa kumsikiliza kwa sababu ya lile koti. Kabla wiki haijaisha, Shangazi, dada wa marehemu baba yetu na fundi wetu mkubwa, alimvua akalishusha mikono, na yule mwenzetu tunayemwita Vifungo akamshonea kifungo ambacho hata ukikivuta kwa koleo hakitoki. Mwalimu alikaribia kulia. Akatuambia tangu aanze kufundisha watu hajawahi kupata wanafunzi wa namna hii.

Njia yake ya kufundisha nayo ilikuwa ya kipekee. Alisema neno linalosikiwa tu linakaa kichwani hadi kesho, lakini neno linalotendwa linakaa mwilini. Kwa hiyo kila neno tuliliigiza. Jioni kazi ikiisha, tunasogeza marobota ya kitambaa, anaandika ubaoni kwa chaki yetu ya kukatia, anaita neno, sisi tunatenda.

Na maneno yenyewe yalikuwa vitenzi vyenye mkia. Ndivyo tulivyoviita sisi. Alitueleza kwamba Mwingereza ana kitenzi kifupi cha kawaida, halafu anakifunga kineno nyuma, na kile kineno kikibadilika, mnyama mzima anabadilika. Bai ni kununua, hilo hata mtoto anajua. Ukisema bai-auti, umenunua fungu la mwenzako ili atoke akuachie. Ukisema bai-ap, umezoa vyote sokoni, wengine wakija wanakuta meza tupu. Seli-ofu, unauza kimoja kimoja mpaka vikutoke. Teki-ova, unashika usukani wa kitu ambacho jana kilikuwa na mwenyewe. Shangazi akauliza ng'ombe mmoja mikia yote hiyo ya nini. Mwalimu akasema watu hutunga maneno mengi kwa lile wanalolifanya sana. Shangazi akatikisa kichwa, akasema basi hao wana kazi.

Tulicheka mle ndani jamani. Vifungo akizoa reli za uzi za watu wote kwenye aproni yake, anapita kwa madaha, bai-ap, bai-ap. Mimi nikimpa Shangazi kipande cha kitambaa kama malipo, naye anasimama ananiachia kigoda chake, bai-auti. Hata kaka alikuwa anatoka kwenye mbao zake kuja kuigiza, ila yeye alikubali kuwa mnunuzi tu. Mara zote. Ukimwambia leo uwe muuzaji, anakumbuka simu.

Neno moja mwalimu aliliandika, akalitazama, akalifuta kwa kiganja. Vifungo ana macho ya kunguru, akawa ameshalisoma. Seli-auti, hili nalo vipi? Mwalimu akajikuna, akasema hilo ni pale mtu anapowauza watu wake mwenyewe ili apate pa kukaa pazuri zaidi. Tukamwomba tuliigize. Akakataa, akasema hilo halina igizo, mtu hulijua likimtokea. Tukaendelea na mengine.

Ilinichukua muda, nakiri kichwa changu ni cha mkasi. Siku moja napima kola, nikajiuliza: mbona hatujafundishwa habari ya asubuhi? Mbona hatujui kola wanaitaje, wala kiuno, wala mteja amenenepa? Somo zima ni nunua, uza, chukua, toka. Nikaweka chini futi ya kupimia, nikaenda kufungua mlango wa Mkurugenzi bila kubisha.

Kaka hakuficha, hilo nampa. Alizungusha kiti akanitazama, akasema kuna mama mmoja mwenye maduka ya nguo, anakuja mwisho wa mwezi kuitazama karakana, na akiipenda anaichukua yote, chumba, kibao na cherehani. Watu kama hao, akasema, wanapenda kukuta wafanyakazi wenye upeo, wanaozijua lugha za biashara. Ndiyo maana ya mwalimu. Mafundi watakwenda pamoja na mashine zao, kama vifungo vinavyokwenda na shati. Nikamuuliza, na mimi? Akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba ataniombea nibaki.

Niombewe nibaki! Kwenye meza niliyojifunzia kutambaa chini yake! Nilitoka mle ndani sioni mbele. Nilikata magauni ya manesi kola tatu mbovu mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea na naomba lisirudiwe kusemwa. Kama karakana ingeuzwa, mimi ningekuwa nani? Sijui kitu kingine chochote duniani. Kaka ana kalamu, anaweza kwenda nayo popote, lakini mkasi bila meza ni chuma tu.

Nikamweleza Shangazi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuacha. Akaniuliza hizo cherehani anazoziuza ni za nani. Nikasema ni zenu. Akasema basi. Nikamwambia twende tukamwambie sasa hivi, tumalize. Shangazi akakata uzi kwa meno.

"Mtoto akililia wembe, mpe," akasema. "Si ametufundisha? Acha tumwonyeshe tumeelewa."

Mwisho wa mwezi yule mama alikuja. Nilitegemea msafara wa magari na watu wa kumbebea mkoba. Alikuja peke yake, viatu bapa, mkoba kwapani, na kabla hajatusalimia alishika sare iliyoning'inia mlangoni, akaigeuza, akatazama mshono wa ndani. Nilimpenda palepale, na jambo hilo liliniudhi sana. Kaka akamlaki kwa Kiingereza kirefu chenye mikia yote. Mama wa watu akasubiri mpaka kikaisha, akamwambia taratibu kwamba yeye alianza kwa kutembeza nguo begani mlango kwa mlango, na biashara anaifanya kwa lugha anayolia nayo akijikwaa. Kaka akacheka, akasema veri gudi, akaendelea na Kiingereza.

Akatangaza kwamba wafanyakazi wake wameandaa maonyesho madogo. Mgeni akaletewa kiti, na si kingine, ni kile cha kuzunguka. Akakikalia bila kukizungusha. Mwalimu akasimama ubaoni na koti lake lililokaa vizuri, akapangusa jasho, akaita la kwanza.

Bai-ap. Vifungo akapita akizoa reli za uzi, kwa madaha yaleyale, mgeni akatabasamu. Bai-auti. Nikamlipa Shangazi kitambaa, akaniachia kigoda. Kaka alikuwa anapiga makofi kabla hatujamaliza.

Seli-ofu.

Hapo darasani tulikuwa tunatumia mikasi na reli tupu. Shangazi alikuwa ametuambia mgeni mkubwa haonyeshwi mfano. Akainama, akafungua skrubu, akang'oa kichwa cha cherehani yake kutoka kwenye meza, akakifunika kitambaa, akakipakata kama mjukuu, akatoka nacho nje. Vifungo akamfuata na yake begani. Kisha mwingine, na mwingine. Walitoka kwa mstari, bila haraka, na nyuma yao zikabaki meza zenye mashimo. Kaka alipiga makofi kwa wale wa mwanzo. Kwa wale wa katikati makofi yakapungua. Walipofika wa mwisho alikuwa amebaki na viganja hewani.

Mwalimu akanong'ona kwamba hivi sivyo tulivyofanya mazoezi. Kaka akawaamuru mafundi, kwa Kiingereza, warudishe mashine mahali pake. Shangazi akachungulia mlangoni.

"Kurudisha hatujafundishwa," akasema.

Mgeni hakucheka. Aliuliza hizo cherehani ni za nani, na Shangazi akamjibu kila moja na mwenyewe, akamweleza na sheria ya marehemu wifi yake, mwanzo hadi mwisho. Mgeni alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mtu ambaye angependa kumjua. Kaka yeye alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa nimeingojea saa ile tangu siku ya kuombewa nibaki. Nilikuwa nimepanga nicheke kwa sauti. Sikuweza kucheka.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, kaka."

"Na mimi nani angeniambia? Kila nikiingia humu nilikuwa nafukuzwa nikasome."

Aliyasema hayo kwa Kiswahili, kwa sauti ya yule mtoto aliyekuwa anasimama mlangoni na begi la shule. Nilimwonea huruma, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ni kweli, hakuna aliyemwambia. Sisi wenyewe tulilifurahia lile jambo, tulilitunza miaka yote kama siri tamu ya watu wa ndani, na yeye alikuwa wa nje.

Mgeni akasimama. Akasema ameponea chupuchupu kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halina mbuzi. Akatembea kati ya zile meza tupu mpaka dirishani, ilipo ile nyeusi. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Akazungusha gurudumu kwa kidole, likaenda bila mlio.

"Na hii?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kaka akanitangulia.

"Hiyo haiuzwi."

Mgeni akataja bei. Ilikuwa bei ya kipumbavu, nadhani alikuwa anampima tu.

"Mama, nimekwambia haiuzwi."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake. Nilidhani imekwisha. Lakini huyo alikuwa mfanyabiashara bwana, na mfanyabiashara hatoki sokoni mikono mitupu. Akamgeukia mwalimu. Akamwambia hii njia yake ya kuigiza imemfurahisha mno, na kule madukani kwake ana wauzaji wanaosimama kama nguzo, mteja anaingia na kutoka hajasalimiwa. Atakuja lini? Mwalimu akatutazama. Akautazama ubao, akamtazama kaka. Akafunga kifungo cha koti, kilekile cha kati, akatuambia kwa unyonge kwamba tutaonana, kisha akamfuata yule mama nje, akipita katikati ya mafundi waliokuwa wamepakata mashine zao.

Shangazi akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

"Kumbe lile neno alilolifuta lina igizo," akasema.

Kwa hiyo siku ile kilichonunuliwa pale kwetu ni mwalimu peke yake, tena na mikono ya koti tuliyomshushia bure. Vifungo mpaka leo anakililia kile kifungo.

Teki-ova hatukufika kuliigiza. Kaka alichukua koti lake akaondoka, mafundi wakarudisha mashine, na mimi nikaingia kwenye zile mbao. Kwani nani angenizuia? Nikakalia kiti cha ngozi, nikajizungusha mara moja. Kizunguzungu. Kutoka pale huoni hata dirisha moja, unaona mbao na neno Mkurugenzi kwa nyuma. Nikatoka nikaenda kukata suruali za walinzi.

Kaka hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Mafundi walitania kidogo, kisha wakaacha. Mimi nilikuwa namkasirikia na nilikuwa namngoja, vyote viwili kwa pamoja, na ukiniuliza lipi lilikuwa kubwa nitakwambia nilikuwa nakata kitambaa huku nikitazama mlango. Ni ndugu yangu. Sina mwingine. Halafu asubuhi moja tulikuta kile kiti hakipo. Mlinzi wa jengo akasema kaka alipita mapema akakichukua, akaondoka nacho akikisukuma barabarani kuelekea sokoni.

Siku hiyohiyo, jua likiwa limeshaingia kwenye meza za mbele, mlango ukafunguliwa kwa mguu. Alikuwa kaka. Hana tai. Begani amebeba cherehani ya mkono, kuukuu, imekatika kishikio na kufungwa waya, na shati limelowa mgongo mzima. Karakana yote ikageuka, hata pasi ikainuliwa. Alisimama palepale mlangoni alipokuwa akisimama zamani, hakuingia.

"Nimekuja na yangu," akasema. "Nikae wapi?"

Shangazi akamwonyesha kwa kidole cha mwisho, maana kidole hicho ndicho kilichokuwa hakina kazi. Kando ya mlango, penye upepo na giza, mahali wanapoanzia wote. Mimi nilianzia hapo. Yeye mwenyewe Shangazi alianzia hapo. Vifungo akampelekea uzi na suruali ya mlinzi, akunje pindo, kazi ambayo hata ukiharibu inaishia kwenye kiatu.

Alishona kutwa nzima pindo moja. Jioni akaniletea, ameishika kwa mikono miwili. Ule mshono ulikuwa unakwenda kama njia ya mbuzi, unapanda, unashuka, mahali pengine umepotea kabisa. Nikaugeuza, nikautazama kwa ndani, nikamwambia kaka, fumua, anza upya.

Akarudi kwenye kigoda chake akaanza kufumua. Kwa mama angekuwa ameshafukuzwa akasome. Mimi nilikwenda nikafungua ule mlango wote, nikaukingia jiwe, ili apate mwanga.